Samaki Saba wa Baba Mkwe

Mto unaopita nyuma ya boma letu ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa tangu nilipoolewa, nami sikuwahi kuusifu. Nilizaliwa upande wa milimani, ambako maji hushuka yakiwa baridi na changarawe za chini unaziona moja moja. Siku niliyoletwa Kitengela kuonyeshwa kwa kina mume wangu, nilisimama ukingoni nikajiuliza kama huu ni mto au ni uji uliomwagika. Maji yake tuliwaachia ng'ombe, na mimi nikifulia nguo. Maji ya kunywa tulinunua kwa boza, lori la kuuzia maji.

Kisha mwaka mmoja, baada ya mvua kukatika, mto ukatakata.

Aliyeniita kwenda kuuona ni baba mkwe. Lazima nieleze tunavyoitana, la sivyo hutamwelewa. Siku ya arusi yangu alinipa kondoo jike, na tangu hapo mimi humwita Paker naye huniita Paker, kwa ajili ya kondoo yule, kama desturi ya watu wake inavyotaka. Jina langu halijawahi kutoka kinywani mwake. La kwake nami silitamki hata nikikasirika, na hasira zangu huwa karibu. Yeye haingii jikoni kwangu, mimi sikai anapokula. Mambo yetu yote tunayamaliza nje, penye ua wa miiba, yeye ameegemea fimbo na mimi nimeshika mtungi au mtoto.

"Paker, kuja uone," aliniambia asubuhi hiyo. "Maji imekuwa safi. Enkai imetukumbuka."

Enkai ndiye Mungu wao. Tukashuka. Binti yangu, wakati huo ana miaka minne, alitutangulia mbio. Nilipofika nilishangaa kweli. Niliona mawe yote ya chini, na mizizi ya mti wa ukingoni, na kikombe cha plastiki kilichozama sijui mwaka gani. Ule ukijani wa kwenye mawe haukuwapo, wala utelezi. Baba mkwe alichota kwa kiganja akanywa, akafuta kidevu, akachota tena. Alikuwa na furaha ya mtu aliyerudishiwa mali yake. Alisema utotoni mwake mto ulikuwa hivi, kabla watu hawajajaa huko juu na malisho kukatwa ploti.

Nami nikanywa. Mtoto naye akanywa. Nilimchotea mimi mwenyewe.

Basi nikaacha kununua maji. Mwenye boza akipita na honi zake nilimpungia mkono tu, kama mtu aliyeokoka anavyompungia mwenye kilabu. Nilienda Noonkopir, ninakoshona sare za shule, nikiwaringia wenzangu kwamba kwetu sasa tunakunywa maji ya mto kama ya milimani. Ningejua, ningefunga mdomo.

Dalili zilikuwapo, na kila dalili tuliipatia sababu. Siku moja moja chai ilikatika, maziwa yakaganda vipande vipande juu ya jiko. Katika boma la wafugaji, maziwa yakiharibika hakuna anayeuliza maji, anaulizwa ng'ombe. Tulilaumu majani aliyokula yule ng'ombe mwekundu. Tukalaumu kibuyu, nikakifukiza upya kwa mkaa wa mzeituni mwitu mpaka macho yakanitoka machozi. Baba mkwe akasema ng'ombe ametiwa jicho. Sufuria zangu nazo zikaanza kung'aa ndani bila kusuguliwa, na mimi mjinga nikawa nawaonyesha wageni.

Halafu kulikuwa na samaki, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Niliona kambare amelala kando ya maji, tumbo juu, macho yamekuwa meupe. Wiki iliyofuata nikaona wengine wadogo, urefu wa kidole, wamekwama kwenye nyasi. Sikumwambia mtu. Watu wa baba mkwe hawali samaki. Kwao huyo ni nyoka wa majini, na mtu mzima hamtazami mara mbili. Kwetu nako si tofauti sana, nyanya yangu akipita penye samaki sokoni alifunika pua kwa leso. Boma zima, kabila mbili, hapakuwa na hata mmoja mwenye sababu ya kumwangalia samaki. Wangekufa mbuzi watatu, mkutano ungeitishwa siku hiyo hiyo. Walikufa samaki wa mto mzima na sisi tukaendelea kuyasifu maji.

Aliyetufumbua macho ni afisa wa maji, mama wa makamo aliyevaa gambuti. Wakulima wa vitunguu huko chini walikuwa wamelalamika kwamba majani yanaungua, naye akawa anaufuata mto kwenda juu, boma hadi boma. Alitukuta tukichota.

"Mnatumia hii maji?" akauliza.

"Tunakunywa," nilimjibu, bado na majivuno. "Iko safi sana."

Alitumbukiza kikaratasi chembamba cha kupimia maji, akakitoa kikiwa kimegeuka chekundu. Akakiangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Iko safi kwa sababu hakuna kitu inaishi ndani," akasema. "Huu mto umekufa, mama. Vyura wako wapi? Samaki wako wapi?"

Baba mkwe akacheka. "Sisi hatukuli samaki."

"Sikuuliza kama mnakula, mzee. Nimeuliza wako wapi."

Alitueleza, bila kutudharau, kwamba asidi ikiingia mtoni huua ule ukijani na kuangusha udongo chini, ndiyo maana maji yanabaki meupe hivyo. Kadiri yalivyokuwa yakitupendeza, ndivyo yalivyokuwa yakizidi kuwa mabaya. Nikakaa juu ya mtungi.

Chanzo kilipatikana siku chache baadaye. Huko juu, ndani ya ukuta wa mabati usio na kibao, kulikuwa na watu waliokuwa wakivunja betri kuukuu za magari. Maji ya betri waliyamwaga kwenye shimo lililo karibu na mto, na madini ya ndani wakiyayeyusha ili wauze. Kila mwenye gari anajua maji ya betri yanavyotoboa suruali. Mimi nilidhani habari imeishia hapo, kwenye asidi. Lakini afisa yule alirudi bomani, akamtazama binti yangu aliyekuwa akicheza na mbwa, akaniita kando.

"Ndani ya betri kuna risasi," akaniambia. "Si ile ya bunduki, ni madini. Asidi inaibeba. Peleka mtoto apimwe damu, na usingoje wiki ijayo."

Sikungoja hata mchana uishe. Nilimbeba mgongoni ingawa alikuwa mkubwa wa kutembea, na njia nzima nilikuwa nikimnusa shingo, sijui nilikuwa natafuta harufu gani.

Majibu yalichukua siku kumi na mbili, maana damu ilipelekwa Nairobi. Siku hizo sikushona kitu kilichonyooka. Nilikata kola ya shati mahali pa mkono. Kisha daktari, kijana mpole wa kuongea polepole, akaniambia kiwango kiko juu, na kwamba ugonjwa huu hauna homa wala upele. Unaingia kwenye mifupa unakaa. Mtoto anaweza kuonekana mzima kabisa, kumbe kichwani kuna kitu kinapungua, kusahau kukaongezeka, masomo yakawa magumu.

"Kwa kiwango chake bado sitampa dawa," alisema. "Dawa ni kutoongeza hata tone. Hiyo tu. Akiacha kupata, mwili utaanza kupunguza wenyewe. Mpe maziwa, mayai, maharagwe, mboga. Mrudishe baada ya miezi mitatu."

"Maziwa ya ng'ombe waliokunywa maji gani, daktari?"

Jioni ile nilimwambia mume wangu kwa simu. Yeye huendesha lori la mawe kutoka machimbo ya Kajiado na hulala nyumbani siku mbili kwa wiki. Hakubishana. Ng'ombe wote wakapelekwa kwa jamaa zetu upande wa Oltepesi, na boma letu, lililoitwa boma kwa sababu ya ng'ombe, likaanza kunywa maziwa ya pakiti kutoka Noonkopir. Baba mkwe aliiangalia ile pakiti kama mtu anayeangalia viatu vya marehemu.

Sitaki kudanganya kuhusu miezi ile. Niliogopa kila saa. Mtoto akisahau alipoweka kiatu, niliacha nilichokuwa nikifanya, nikamtazama. Akirudia swali, nilitoka nje nikalia. Nilimhoji kama polisi wanavyomhoji mwizi: hii ni rangi gani, jana tulikula nini, hesabu mpaka ishirini, rudia. Siku moja aliruka kumi na nne nikampigia kelele, naye akanitazama akiwa haelewi amekosa nini, machozi yakimlengalenga. Nikamwomba msamaha. Kesho yake nikamhesabisha tena. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, lakini hawakusema lolote kuhusu mama aliyemwita nyoka kwa mkono wake mwenyewe.

Ule ua wa mabati ulifungwa na wenyewe wakatoweka. Afisa wa maji akasema haitoshi, mto unahitaji kitu cha kuituliza asidi, na kitu hicho kiko Kajiado kwenyewe: mawe ya chokaa. Mume wangu alileta kokoto nyeupe za mawe hayo, lori moja na baadaye la pili, majirani wakaja na majembe, tukazitandaza mtoni kuanzia juu, maji yapite juu yake. Kazi ile ilinipa nafuu kidogo, kwa vile mkono ukishughulika, kichwa hupumzika.

Kisha afisa akaja na ndoo yenye samaki hai, aliowatoa kwenye bwawa lisilo na shida. Alikuwa na kizimba cha wavu wa waya, kiasi cha meza ndogo.

"Karatasi yangu inaniambia ya saa hii," alieleza. "Nikienda, mtu anaweza kumwaga nisijue. Samaki hawa watakaa hapa mchana na usiku. Wakiishi, asidi imeisha. Wakifa, iko mahali bado. Nataka mtu wa kuwaangalia kila siku."

Nilikuwa karibu kujitolea baba mkwe aliposema, "Mimi. Sina ng'ombe sasa."

Alisema hivyo akiangalia upande wa Oltepesi. Asubuhi iliyofuata nilimwona akishuka mtoni na fimbo yake, shuka amelikunja vizuri, mtoto akimfuata nyuma, akimwita Akui, yaani babu. Kwa siku mbili aliwatazama samaki wale kwa mbali na kuinua wavu kwa fimbo ili asiwaguse. Siku ya tatu alirudi akiwa anatembea upesi kuliko kawaida.

"Wote," aliniambia penye ua. "Wote wamekufa, Paker. Macho nyeupe."

Ilikuwa ni kusema kwamba baada ya kufungwa kwa ule ua wa mabati, baada ya kokoto zote zile, sumu ilikuwa bado inashuka. Afisa aliitwa, akaenda juu na majirani kuchimba, wakakuta lile shimo la maji ya betri lilizibwa tu juu kwa udongo na lilikuwa likivuja kwa chini. Walilikausha, wakalijaza chokaa. Kama si wale samaki, tungekaa tukijidanganya mwaka mzima.

Samaki wa pili walikuwa saba. Najua idadi kwa sababu nilihesabu mimi. Baba mkwe hakuhesabu. Watu wake hawahesabu mifugo, ni mwiko kuinyooshea kidole na kusema moja, mbili, tatu. Mchungaji humjua kila mmoja kwa sura yake, na akikosekana mmoja anaona pengo. Basi aliwajua samaki vivyo hivyo: mwenye mkia uliopasuka, mwenye doa, mnene, mvivu anayekaa pembeni, na yule aliyemwita mgomvi, ambaye nilimtania kwamba amefanana na mimi. Alikubali. Fimbo akaiacha ukingoni, akawa anaingia majini hadi magotini na kuinua wavu kwa mikono yake, yeye ambaye hapo zamani angehama benchi kukwepa mtu aliyekula dagaa.

Kila asubuhi alirudi na mtoto wakiwa wameshikana mikono, naye alitangaza kabla hajafika kwenye ua: "Wako hai! Maji imewakubali!" Binti yangu alirudia kwa sauti yake nyembamba, wako hai, wako hai, akizunguka nyumba. Wiki zikapita. Nilianza kulisubiri tangazo lile kama wengine wanavyosubiri habari za redio. Halafu siku moja afisa akatuonyesha, nje ya wavu, visamaki ambavyo hakuna aliyevileta, vimeshuka vyenyewe kutoka vijito vya juu. Vilikuwa vikielea juu ya zile kokoto. Maji nayo yalianza kurudia ukungu wake wa zamani, na sijawahi kufurahia uchafu namna ile.

"Asidi imetoka," afisa alituambia mimi na baba mkwe, tukiwa tumesimama ukingoni. "Lakini msikie vizuri. Ile risasi iko kwa tope hapa chini, na itakaa miaka. Samaki anaweza kuishi na maji isifae mtu. Hakuna kunywa. Hata ya kusukutua."

Tulisikia vizuri. Baba mkwe alirudia neno kwa neno. Mimi niliendelea kununua maji ya boza, hata ya kuoshea vyombo. Mtoto siku hiyo alikuwa bomani analala.

Miezi mitatu ilipofika nikampeleka hospitali nikiwa na matumaini kwa mara ya kwanza. Majibu yalipotoka, daktari aliyasoma mara mbili. Kiwango hakikushuka. Kilikuwa kimepanda kidogo.

"Mama, una hakika hapati mahali?"

"Nina hakika."

"Vyombo? Udongo wa mahali pa kuchezea? Shule?"

Hasira zangu zikanipanda. Nilimwambia nanunua kila tone, nimehamisha ng'ombe, nimefua hata godoro, anataka nifanye nini tena, nimfunge mtoto kwenye chupa? Alinisikiliza mpaka nikaisha. Akasema tupime tena baada ya mwezi. Nilitoka pale nikiwa na hofu mpya, mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa na mahali. Hii sikujua niiangalie wapi. Nilikagua maharagwe punje kwa punje, nikatupa sufuria zote, nikanunua nyingine. Nilichunguza rangi ya ukuta, isije nayo ikawa na risasi. Mume wangu aliniambia usingizini nasaga meno.

Jumamosi moja mchana, afisa wa maji alitoa ruhusa kizimba kifunguliwe. Majirani walikuja kutazama. Baba mkwe aliingia majini, akakata waya, akauinamisha wavu upande mmoja. Hawakutoka mara moja. Mgomvi ndiye aliyetangulia, kisha mwenye doa, kisha wengine, na mvivu akaja mwisho kabisa. Mzee alicheka kwa sauti, nami nikacheka, wote tukacheka na kumpigia makofi kama bwana arusi.

Nikageuka kumtafuta binti yangu ili naye aone.

Alikuwa hatua chache chini yetu, amepiga magoti kwenye kokoto, uso ameuinamisha juu ya maji, anakunywa kama ndama. Hakuwa akijificha.

"Tema!" nilipiga kelele. "Tema! Tema sasa hivi!"

Nilimfikia nikamshika taya, nikamtia kidole mdomoni. Alikuwa ameshameza. Alianza kulia, ananisukuma mkono.

"Mami, ni nzuri! Akui alisema maji imewakubali. Samaki wako hai!"

Sikutaka kuuliza, lakini niliuliza. Nilimuuliza amekunywa mara ngapi.

"Kila siku," akasema kwa kwikwi. "Akui akiangalia samaki, mimi nakunywa na wao."

Nilimkumbatia kwa nguvu mpaka akalalamika. Makofi yalikuwa yamekoma. Baba mkwe alikuwa bado amesimama majini hadi magotini na wavu mtupu mikononi, na alikuwa amesikia kila neno.

"Paker," aliniita. Akauachia wavu, ukachukuliwa na maji.